Klarineti Inaonewa: Tuangalie Kwanza Joto la Ukumbi

Mhariri,

Safu yako ya burudani ilipoandika juu ya onyesho la fluti, klarineti na piano, lawama zote ziliwaangukia wapulizaji wawili: eti hawakufanya mazoezi ya kutosha, ndiyo maana kuanzia kipande cha pili sauti zao zilianza kuachana na piano. Hukumu ya namna hiyo husomeka mara nyingi kwenye magazeti yetu, na mara nyingi humwonea mtu asiyehusika. Wapulizaji wakianza vizuri kisha wakaachana na piano kadiri usiku unavyokwenda, cha kwanza kuulizwa ni joto la ukumbi, na cha pili ni saa ambayo fundi aliityuni piano, yaani alipozilinganisha nyuzi zake. Naomba nafasi nilieleze jambo hili kwa kirefu, kwa ajili ya wanaokodi kumbi, walimu wa shule, kamati za makanisa na vituo vya utamaduni, maana wao ndio wenye funguo za ukumbi na rimoti ya kiyoyozi.

Kinacholia ndani ya fluti au klarineti ni hewa iliyomo bombani. Hewa ikipata joto, sauti husafiri ndani yake kwa kasi zaidi: kwenye digrii 20 ni mita 343 kwa sekunde, kwenye digrii 30 ni kama mita 349. Bomba ni lile lile na urefu ni ule ule, kwa hiyo nota inapanda. Kwa hesabu ya vitabuni inapanda karibu senti 3 kwa kila digrii moja, na senti 100 ndizo nusu toni. Tofauti ya digrii kumi ingeitoa A, nota ambayo vyombo hujipimia, kwenye hezi 440 (mitetemo 440 kwa sekunde), ambacho ndicho kipimo cha kimataifa, na kuifikisha zaidi ya 447. Kwa vitendo haifiki huko, kwa sababu pumzi ya mpulizaji inakuwa imeshaipasha hewa ya bombani hata ukumbi ukiwa baridi. Lakini hata nusu ya tofauti hiyo inatosha kumkunjisha uso msikilizaji asiyejua nota hata moja.

Piano nayo ina njia yake. Kinanda kikubwa kina nyuzi za chuma zipatazo 230, na kwa pamoja zinavuta fremu kwa nguvu ya tani 18 hivi, au zaidi. Chini yake kuna ubao mwembamba wa mlio. Chuma hupokea joto kwa dakika: taa za jukwaani zikiwaka juu ya nyuzi, nyuzi hulegea na sauti hushuka. Ubao hupokea unyevu kwa siku: hewa ya pwani inapobeba unyevu wa asilimia 80, ubao huvimba, huinuka katikati, hukaza nyuzi kwa kuzisukuma juu, na sauti hupanda, hasa kwenye oktava za katikati. Kiyoyozi kikikausha hewa kwa siku kadhaa mfululizo, ubao hunywea na sauti hushuka. Kwa hiyo ukumbi ukipata joto, wapulizaji wanapanda na piano inateremka.

Sasa tazama siku ya onyesho inavyokwenda kwenye kumbi zetu nyingi. Fundi anafika saa nne asubuhi. Kiyoyozi kimezimwa ili kubana umeme, na ndani kuna digrii 31. Anatyuni piano sawasawa kwenye 440, anasaini karatasi, anaondoka. Saa kumi na moja jioni mtu anakumbuka kiyoyozi na kukiteremsha hadi 18 ili ukumbi upoe haraka. Nyuzi zinakaza. Wapulizaji wanafika kwenye baridi hiyo, wanajipima na piano, wanapatana nayo. Saa mbili usiku milango inafunguliwa, watu mia mbili wanaingia na joto la miili yao, taa kubwa zinawashwa, na kufikia kipande cha pili kipimajoto kinasoma 27. Fluti na klarineti zimeshapanda, piano imeshateremka, na hakuna aliyekosea hata nota moja. Mwandishi wako aliyeketi safu ya tatu anasikia matokeo tu.

Dawa yake haina gharama kubwa, ila inataka mtu mmoja apewe jukumu hilo kwa jina. Kiyoyozi kiwashwe asubuhi ya siku moja kabla, kiwekwe kwenye digrii 24 au 25, kisiguswe tena mpaka wasikilizaji watakapoondoka. Digrii 18 ni adui wa kila chombo kilichopo jukwaani. Siku ya onyesho, taa za jukwaani ziwashwe kama zitakavyokuwa usiku, angalau nusu saa kabla ya fundi kuanza. Fundi afanye kazi mchana, baada ya saa nane, apewe saa moja na nusu hadi mbili za kimya kitupu. Kimya maana yake hakuna anayeburuta viti wala anayejaribu spika, na hata mashine ya kung'arisha sakafu inasubiri. Fundi anasikiliza mapigo madogo kati ya nyuzi mbili tatu za nota moja. Kelele ikimfunika, anakisia. Arudi tena wakati wa mapumziko kwa dakika kumi, arekebishe oktava mbili za katikati. Hizo ndizo zinazokutana na fluti na klarineti muda wote.

Kama ukumbi hauna kiyoyozi, usiombe 440. Mwambie fundi aiweke piano kwenye 442, madirisha yakiwa wazi, jioni, saa ile ile onyesho litakapoanza. Kutoka 440 hadi 442 ni kama senti 8, na nyongeza hiyo inataka mizunguko miwili: wa kwanza wa kupandisha nyuzi zote kwa haraka, wa pili wa kusahihisha, kwa sababu kila uzi unaokazwa unaibonyeza fremu na ubao na kuziteremsha nyuzi zilizokwisha tyuniwa. Piano iliyokaa mwaka mzima bila kuguswa inaweza kuwa chini kwa senti 20 au 30. Hiyo haipandishwi siku ya onyesho ikatulia. Ipandishwe wiki mbili kabla, kisha irudiwe siku yenyewe. Na kama nyuzi zina kutu, jambo la kawaida kwa piano zinazokaa karibu na dirisha linaloelekea baharini, fundi ana haki ya kukataa kuivuta zaidi. Uzi wa juu ukikatika mkononi mwake, si uzembe wake.

Mwandaaji asiyejua muziki anaweza kujua hali ya piano kabla hajalipa hata shilingi. Pakua programu yoyote ya bure ya kupimia sauti, weka simu juu ya piano, gonga A ya katikati (kibao cha 49 kuhesabu vyote, vyeupe na vyeusi, kutoka kushoto) mara tatu polepole. Ikisoma kati ya 438 na 442, ongea na fundi. Ikisoma 435, iko chini karibu senti 20. Fundi aje mara mbili. Ikisoma 428, iko chini kwa karibu robo toni, tafuta piano nyingine. Kisha bonyeza kila kibao, vyote 88, kimoja kimoja kwa upole. Kibao kinachoshuka na kuchelewa kurudi kimepata unyevu kwenye vipini vyake vidogo, na mpiga piano hataweza kurudia nota haraka. Chungulia na ndani: vumbi jeupe la nondo kwenye sufu ya nyundo linatangulia matatizo makubwa zaidi.

Piano ya umeme ina faida moja ambayo haitumiwi ipasavyo: haipandi wala haishuki, na ndani ya mipangilio yake kuna sehemu ya kuchagua 441, 442, hata 444. Kwenye ukumbi wa digrii 30 iweke 442 kabla ya mazoezi na usiiache kwenye 440 kwa mazoea. Hasara yake ni kwamba sauti hutoka kwenye spika, na spika ikiwekwa mbele ya jukwaa, wapulizaji hawaisikii. Iwekwe nyuma yao, usawa wa kiuno, ikielekea kwa wasikilizaji kupitia katikati yao.

Nikija kwa wapulizaji: wanajipima na piano kwa sababu piano haiwezi kusogea. Fluti ina vipande vitatu, kichwa, kiwiliwili na mguu, na husahihishwa kwa kuvuta kichwa nje kiasi cha milimita 3 hadi 6. Klarineti ina vipande vitano: mdomo wenye ridi (kipande chembamba cha tete kinachotetemeka), kipipa, kiungo cha juu, kiungo cha chini na kengele. Wengi huvuta kipipa tu na kudhani wamemaliza. Kipipa kikivutwa, nota za koo, zile fupi zinazopigwa matundu mengi yakiwa wazi, hushuka sana kuliko nyingine. Utaratibu unaofaa ni huu: mpulizaji apulize kwa dakika 15 kwanza, kisha apige G ya wazi, ambayo kwenye piano husikika kama F, asahihishe kwa kipipa. Halafu apige B ya mstari wa kati, ambayo kwenye piano ndiyo A, asahihishe kwa kuvuta kiungo cha katikati. Pengo la kipipa likizidi milimita 2, ndani ya bomba hubaki shimo linalovuruga nota. Afadhali atumie kipipa kirefu zaidi, cha milimita 67 badala ya 65, au pete ya kujazia pengo.

Ndiyo maana piano iliyoshuka robo toni haitibiki. Fluti itavutwa na kuvutwa, itapoteza uwiano wa oktava zake lakini itafika karibu. Klarineti haifiki.

Kuna jambo jingine ambalo wapulizaji wazuri wanalijua na waandishi wa habari ni nadra kuambiwa. Fluti ikipulizwa kwa nguvu hupanda, ikipulizwa polepole hushuka. Klarineti ni kinyume: kwa nguvu hushuka, polepole hupanda. Kwa hiyo kila mahali mtunzi alipoandika sauti ikue au ififie kwa vyombo vyote viwili pamoja, maumbile yanazivuta pande mbili. Mpiga fluti hulipia kwa kuteremsha taya kidogo na kuelekeza pumzi chini zaidi anapoongeza nguvu. Mpiga klarineti hulipia kwa kukaza pembe za mdomo asilegee. Kwenye nota za koo, klarineti huongeza vidole vya mkono wa kulia juu ya matundu yasiyohusika, na nota hiyo nyembamba hupata mwili na kushuka mahali pake. Mazoezi ya jambo hili hayahitaji piano. Wawili wasimame, wachukue nota moja, waikuze kwa hesabu nane na kuififisha kwa hesabu nane, wakibadilishana nani aongoze. Dakika kumi kila siku kwa wiki mbili zinasaidia kuliko kurudia kipande kizima mara ishirini.

Wengi wa wapiga klarineti wetu wametoka kwenye bendi za polisi, za jeshi na za makanisa. Ni shule nzuri ya pumzi na nidhamu, lakini imewazoesha kupuliza uwanjani, ambako sauti lazima ifike mbali. Kwenye kikundi cha watu watatu ndani ya ukumbi, klarineti ya namna hiyo huizamisha fluti, hasa fluti inapokuwa kwenye oktava yake ya chini, ambako haina nguvu hata ipulizwe na bingwa. Anayeandaa onyesho asiogope kumwambia mpiga klarineti apunguze. Ni kanuni ya chombo, si dharau kwa mtu.

Mpangilio wa jukwaa nao una sababu zake. Piano ikae ubavu, vibao upande wa kushoto wa wasikilizaji, kifuniko kikifunguka kuwaelekea. Fluti isimame upande wa vibao, klarineti upande wa mkia, wote wawili kwenye kile kikunjo cha piano, wakigeukiana nusu. Mpiga piano aweze kuona mabega yao wakivuta pumzi. Mabega ndiyo yanayomwambia lini aanze. Kifuniko kiinuliwe kwa kijiti kifupi kwanza, mtu aende aketi safu ya mwisho asikilize, kisha ndipo iamuliwe kama kijiti kirefu kinafaa. Stendi za nota ziwe chini, usawa wa tumbo. Sauti ya klarineti hutoka kwenye matundu yake mengi, wala si kwenye kengele peke yake, na stendi pana ya chuma ikisimama mbele yake huizuia. Ndiyo maana pia maiki inayochomekwa kwenye kengele hukamata nota za chini kabisa na kuziacha nyingine. Kwa ukumbi wa watu 200 wenye kuta ngumu, maiki haihitajiki kabisa.

Pangaboi lizimwe. Watu hudhani tatizo lake ni kelele na kurasa kupeperuka. Kurasa zinabanwa kwa vibanio vya nguo, hilo dogo. Tatizo kubwa ni fluti. Fluti haina ridi. Sauti yake inazaliwa pale ambapo utepe mwembamba wa pumzi unaruka kutoka midomoni na kugonga ukingo wa tundu. Upepo ukikatiza hapo, utepe unayumba, na nota inakatika au haitoki kabisa. Maonyesho ya bustanini na kwenye paa za hoteli huharibika kwa sababu hii hii. Ikiwa lazima iwe nje, mpiga fluti apewe mahali ambapo upepo unamtokea mgongoni na pana ukuta au turubai nyuma yake. Hata kiyoyozi cha ukutani kisipulize moja kwa moja jukwaani. Elekeza mabawa yake juu.

Kwa miji yetu ya pwani kuna na suala la saa. Onyesho lisilotumia spika haliwezi kushindana na adhana, wala haifai lishindane. Kuanza saa mbili na robo usiku, baada ya adhana ya isha, kunamaliza jambo hilo. Jenereta nayo, kama ipo nyuma ya ukuta wa jukwaa, iwashwe siku moja kabla wakati wa mazoezi ili wote wajue inasikika kiasi gani.

Uchaguzi wa vipande ni sehemu nyingine inayoharibu usiku kabla haujaanza. Vipande vilivyotungwa hasa kwa vyombo hivi vitatu si vingi, lakini vizuri vipo. Cha kwanza kufikiriwa ni Tarantelle ya Camille Saint-Saëns, opasi (namba ya kazi) 6, ya mwaka 1857, alipokuwa kijana wa miaka 21 au 22. Ilitungwa kwa fluti, klarineti na okestra, na toleo la piano hupigwa sana. Ni kama dakika 7. Piano inaanza na mzunguko mfupi wa besi unaojirudia, fluti na klarineti zinapokezana juu yake, na mwisho wote watatu wanakimbia. Hatari yake iko kwenye mwendo: kikundi kikianza haraka kwa msisimko, hakuna mahali pa kukimbilia mwishoni. Mwendo wa mwanzo uchaguliwe kwa kupima kwanza ukurasa wa mwisho: kasi ambayo wote wanaimudu pale bila kumeza nota, kisha kurudi nyuma kutoka hapo.

Sonata ya Maurice Emmanuel ya mwaka 1907 haijulikani sana nayo inastahili kusikika. Ina sehemu tatu, si ndefu, na piano yake si ya kusindikiza tu. Sonatine ya Florent Schmitt, opasi 85, ya miaka ya 1930, iliandikwa kwa fluti, klarineti na kinanda cha zamani cha kudonoa nyuzi, au piano. Ikipigwa kwa piano, mpigaji aweke pedali mbali na mguu, la sivyo vidokezo vyake vyepesi hugeuka uji. Waltz nne za Dmitri Shostakovich, zilizopangwa na Levon Atovmyan kutoka muziki wa filamu na baleti, ndizo zinazowapata wasikilizaji wapya kwa urahisi zaidi. Wazipige baada ya kipande kigumu.

Kisha kuna Techno-Parade ya Guillaume Connesson, ya mwaka 2002, dakika kama 5 za mapigo yasiyopumzika. Ndani yake mpiga piano hutumia brashi na karatasi juu ya nyuzi. Hapa mwandaaji azungumze na mwenye piano mapema, kwa maandishi, kwa sababu wenye piano wengi wakimwona mtu anaingiza mkono ndani husimamisha onyesho. Karatasi haidhuru uzi. Brashi iwe mpya, kavu, yenye nywele laini. Kinachodhuru ni vidole vitupu: jasho juu ya nyuzi za besi zilizozungushiwa shaba huacha alama na kuzifubaza. Baada ya kipande, nyuzi zipanguswe kwa kitambaa kikavu. Na kwa piano ya umeme kipande hiki hakipigiki jinsi kilivyoandikwa, kwa hiyo kisiwekwe kwenye ratiba.

Midomo huchoka. Wapulizaji wawili wakipewa dakika 70 mfululizo, dakika 20 za mwisho zitakuwa mbovu, na hapo tena watalaumiwa kwa kukosa mazoezi. Mpe kila mmoja mahali pa kupumzika: fluti na piano peke yao katika sonata ya Francis Poulenc ya mwaka 1957, kisha klarineti na piano katika sonata yake ya 1962, ambayo Benny Goodman kwa klarineti na Leonard Bernstein kwa piano waliipiga kwa mara ya kwanza New York mwaka 1963, miezi michache baada ya mtunzi kufariki. Kipande kimoja kisichohitaji piano kiwe tayari mfukoni, mathalani Choros namba 2 ya Heitor Villa-Lobos ya mwaka 1924, ya fluti na klarineti tupu. Uzi wa piano ukikatika, wapulizaji wanaipiga wakati fundi akishughulika. Umeme ukikatika pia, kinachohitajika ni tochi mbili tu.

Nimeacha klarineti yenyewe mwishoni kwa makusudi, kwa sababu chombo hiki ni chetu zaidi ya wengi wanavyodhani. Klarineti nyingi za kiwango cha juu, popote zinapochongwa, mwili wake ni mpingo, na mpingo wa vyombo vya muziki hutoka hasa Tanzania na Msumbiji. Ni mti mzito unaozama majini, unaokua polepole kwa miongo mingi kabla kiini chake cheusi hakijafikia unene wa kufaa. Mwaka 2009 misitu ya vijiji wilayani Kilwa ilipata cheti cha usimamizi bora cha FSC, baraza la kimataifa la usimamizi wa misitu, ili wanavijiji wenyewe wavune na kuuza mpingo wao kihalali. Fundi huuchagua mti huu kwa sababu haunyonyi maji haraka na tundu likitobolewa hubaki na ukingo mkali.

Lakini hata mpingo una mpaka. Mpulizaji akitoka nje kwenye digrii 31, akaingia ukumbi wa digrii 18 na kupuliza papo hapo kwa nguvu, ndani ya bomba kunapata pumzi ya moto na maji, nje kunabaki baridi na kukavu. Ndani kunatanuka, nje kunakaza, na ufa unatokea, kwa kawaida kwenye kiungo cha juu, ukianzia kwenye tundu. Unasikika kwanza kama nota inayovuja, kabla haujaonekana kwa macho. Kinga ni rahisi: sanduku lifunguliwe ukumbini, chombo kikae dakika 20 kizoee hewa, kiungo cha juu kipashwe kwa viganja au kwapani, siyo kwa pumzi, kisha kipulizwe polepole kwenye nota za chini. Klarineti mpya isipelekwe jukwaani. Wiki yake ya kwanza ni dakika 15 kwa siku, ikiongezwa kidogo kidogo kwa muda wa mwezi. Kila baada ya kipande kivutiwe kitambaa ndani, kutoka kengele kwenda juu. Pedi, yaani kifuniko laini cha tundu, ikianza kunata kwa unyevu, weka karatasi nyembamba ya sigara chini yake, bonyeza kwa upole, toa. Usivute karatasi pedi ikiwa imefungwa, utaichana ngozi yake.

Ridi nazo zinataka macho. Ni kipande cha tete, na hewa kavu ya kiyoyozi huikunja ncha yake kama jani. Mpulizaji awe na nne zilizokwisha kuzoeshwa, azizungushe, na kikasha chake kisiachwe kwenye gari juani. Inayokoroma au kupiga ukelele ghafla hubadilishwa kati ya vipande, bila kuomba radhi kwa mtu yeyote.

Ombi langu kwako, Mhariri, ni moja. Mwandishi wako atakapotumwa tena kwenye onyesho kama hili, afike nusu saa kabla, apige A ya piano mbele ya simu yake na kuandika namba inayotokea pamoja na digrii za ukumbi. Wakati wa mapumziko afanye hivyo tena. Namba hizo nne zichapwe chini ya makala yake, hata kwa herufi ndogo.

Msomaji wako,
Fundi wa piano na vyombo vya kupuliza,
Dar es Salaam